Nasikia Gesi

Kwa miaka mingi nilikuwa na pua yenye jina. Sizungumzii umbo lake, ambalo ni la kawaida na limeharibu picha kadhaa za harusi yangu. Nazungumzia kazi yake. Nyumba zetu huku Komarock, Nairobi, zimezunguka kiwanja kimoja kidogo, na jirani yeyote aliyetilia shaka samaki aliyenunua alimleta mlangoni kwangu akiwa amefungwa kwenye gazeti. Mimi niliinama, nikafumba macho, nikavuta pumzi polepole kuliko ilivyohitajika, halafu nikatoa hukumu: huyu mpike leo, huyu mrudishe. Nimefundisha Kiswahili katika shule ya upili kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kuniletea sentensi. Waliniletea samaki, nami nilivimba kichwa.

Mwaka jana homa ilinilaza siku kumi. Nilipoinuka, chai ya mke wangu ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Nikamlaumu kimoyomoyo kwa kubana majani. Mchana supu ikawa hivyo hivyo. Jioni nikajifungia jikoni, nikakata kitunguu katikati na kukiweka chini ya pua. Macho yalitiririka machozi, lakini pua haikuwa na habari kwamba kuna kitunguu nyumbani.

Mtu mwenye akili angemwambia mkewe, kisha angeenda kwa daktari. Mimi niliamua kudanganya. Samaki nilimfunua mashavu kwa ujanja nikatazama kama bado ni mekundu, ndipo nikafumba macho na kuvuta pumzi ya maonyesho. Maziwa ndiyo yalikuwa shida. Kila asubuhi mke wangu aliniletea sufuria na kusema, hebu sikia kama yamechacha. Niliweka pua juu yake, nikakaa kidogo kwa heshima ya kazi, nikasema yako sawa. Mara mbili chai ilikatika mabonge mbele ya wageni, na mara zote mbili nililaumu pakiti.

Upepo ukivuma kutoka upande wa jalala la Dandora, watu wa huku na wa Mowlem hufunga madirisha bila kuambiana. Mimi jioni moja nilibaki kwenye dirisha wazi nikisifu hewa safi, na jirani wa pili akanitazama kwa muda mrefu kabla ya kufunga lake. Siku nyingine niliingia nyumbani, nikaona sufuria kubwa ikitokota na mvuke ukipanda, nikasema kwa sauti ya mume mwenye shukrani kwamba kuku huyo ananukia vizuri. Zilikuwa taulo za jikoni, zinachemshwa kwa sabuni. Mke wangu alicheka sana. Nami nikacheka zaidi yake, ili ionekane ulikuwa mzaha.

Jambo lililonishangaza ni kwamba si kila mara nilidanganya. Jumapili moja nilimkuta mke wangu akisukuma chapati, na harufu yake ikanijaa kichwa kizima, ya unga unaoanza kuungua kidogo kwenye mafuta. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikafumba macho niifaidi vizuri, nayo ikatoweka. Nikafumbua, ikarudi. Wiki hiyo hiyo nilipita kwa mama anayechoma mahindi karibu na barabara ya Kangundo, nikayasikia mahindi tangu mbali, kumbe jiko lake halikuwa limewashwa na mahindi yalikuwa mabichi ndani ya maganda. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nanusa kwa macho. Kichwa kilijua chapati zinanukiaje, na pua ilipokosa kuleta taarifa, kichwa kilijiandikia chenyewe.

Darasani, wakati huo huo, nilikuwa nafundisha milango ya fahamu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, ikiwa pua hunusa na sikio husikia, mbona tunasema nasikia harufu. Nilifurahi, nikalieleza darasa kwamba kitenzi hiki kina mikono mirefu: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa, uchungu, hata haya. Kimechukua kazi za milango karibu yote isipokuwa macho. Nikaongeza, nikijipiga kifua, kwamba hakuna hatari ya kuchanganyikiwa, kwa sababu ngeli itakuonyesha kinachosikika ni nini. Mtu anayejua ngeli zake, nikasema, hapotei.

Mama yangu alifika kutoka magharibi mwezi wa kwanza. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli, na sisi tulilelewa katika kota za reli huku huku Eastlands, kati ya majirani wa kila kabila, ndiyo maana mpaka leo mimi na mama huzungumza Kiswahili. Chake ni cha kota. Ngeli hakuzijua na hazikuwahi kumsumbua. Baba alipostaafu walirudi nyumbani, na tangu alipofariki mama anakaa peke yake, ana shamba, ana jiko la kuni, ana njia yake ya kuteremka mtoni. Alikuja Nairobi kwa sababu moja tu. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na la kulia daktari wa huko alisema lina mtoto wa jicho, na kwamba likiachwa likomae zaidi, kazi ya kulitoa itakuwa ngumu.

Alipofika, akakataa. Alisema anaona vizuri. "Watoto sita nilizaa na baba yenu," akaniambia. "Huyu wa jicho mimi simjui." Alitaka kurudi kabla ya mvua za mwezi wa tatu ili apande mahindi. Mimi nilijua akiondoka hivyo, atapanda kwa kupapasa, na siku moja ataanguka njiani mtoni au motoni. Nilikuwa na wiki chache za kumbadilisha nia, na sikuwa na kitu kingine chochote akilini.

Ujanja wake ulikuwa wa hali ya juu. Alitutambua kwa nyayo kabla hatujafungua mdomo. Chai aliimimina akiwa ameinamisha kichwa, akisikiliza sauti yake inavyopanda kikombeni, na hakumwaga hata tone. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo juu chini, akaimba beti zote bila kukosea. Uzi ulipokataa kuingia kwenye sindano, alisema sindano za siku hizi hazina tundu. Mke wangu aliniambia kando kwamba mama haoni kabisa, na kwamba mtu akipitia haya ndani ya nyumba moja na mwanawe halafu mwanawe asiseme neno, huyo si mwana.

Basi nilisema. Asubuhi moja nilimkalisha chini, nikamweleza kwa upole wa mwalimu kwamba mwili huchoka, kwamba hakuna aibu kukubali kiungo fulani kimeacha kazi, na kwamba anayeficha ugonjwa hujidhuru mwenyewe na kuwahatarisha walio karibu naye. Yalikuwa maneno mazuri. Nilipokuwa nayasema, mkononi nilikuwa na glasi ya maziwa ambayo nilikuwa nimetoka tu kumthibitishia mke wangu kuwa ni mazima. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema maziwa hayo yamechacha, akainuka akaenda zake.

Jumamosi moja mke wangu alienda sokoni. Mimi nilikaa mezani sebuleni nikisahihisha mtihani wa nusu muhula, swali la ngeli, na kalamu nyekundu ilikuwa na kazi nyingi. Mama alikuwa jikoni anapika uji. Alikuwa amefunga dirisha na mlango wa nyuma kwa sababu ya ule upepo wa Dandora. Nje, muuza gesi aliingia kiwanjani na pikipiki yake, mitungi miwili nyuma, akapiga honi tatu kama anavyofanya kila Jumamosi. Huku kwetu wachuuzi hatuwaiti kwa majina, huitwa kwa bidhaa zao: mboga amepita, maji hajafika, gesi yuko kwenye kona.

"Baba, nasikia gesi," mama akasema kutoka jikoni. Mama zetu wa magharibi huwaita wana wao baba.

"Hata mimi namsikia," nikajibu, bila kuinua kichwa.

Kisha akasema tena, nasikia gesi sana. Nikamwambia kwamba mtungi wetu bado umejaa, amwache tu, atapita.

Nimerudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi. Nilisema namsikia. Nilisema amwache, atapita. Ngeli yangu ilikuwa safi, ya kiumbe chenye uhai kinachoendesha pikipiki, na haikumsaidia mtu yeyote. Mama ameishi maisha yake yote na watu wanaosema gesi ameisha, gesi imeisha na gesi kimeisha katika sentensi moja. Yeye alielewa kwamba mimi pia nimesikia harufu, na kwamba harufu itapita yenyewe. Na kwa kuwa pua yangu anaijua tangu nikiwa mtoto wa kota ninayetumwa kunusa nyama kabla haijapikwa, aliamini. Akaendelea kuosha vikombe.

Kilichokuwa kimetokea ni kitu kidogo. Uji ulifurika, ukazima moto. Mama aliusikia unafurika, akapapasa akapunguza moto, asijue kwamba hakuna moto wa kupunguza. Gesi ikaendelea kutoka.

Nilikuwa nimechoka na wanafunzi wangu, nikaingia jikoni kupasha chai moto. Niliona jiko limezimika na uji umeganda pembeni, nikadhani mama amemaliza. Nikavuta pumzi ndefu, najinyoosha mgongo. Sikusikia kitu. Nikaweka sufuria ya chai, nikachukua kiberiti kwenye rafu, nikakifungua. Njiti zikatoa ile sauti yake ndani ya kisanduku.

"Weka hiyo kitu chini," mama akasema.

Hakupaza sauti. Ni sauti aliyokuwa akiitumia kota, mtoto akishika kisu. Niliweka chini kabla sijajua kwa nini. Nikaona mkono wake ukitambaa juu ya jiko, ukiipita swichi, ukirudi, ukiipita tena, hatimaye ukaishika na kuizungusha. Nilisimama nikautazama mkono huo ukitafuta kitu kilichokuwa wazi mbele yake. Halafu akanishika shati, akanivuta mpaka mlango wa nyuma, akaufungua kwa bega, tukatoka.

Tulikaa kwenye ngazi ya nje. Niliogopa zaidi pale nje, hatari ikiwa imepita, kuliko ndani ambako sikuwa na habari nayo. Muuza gesi alinipungia mkono kutoka upande wa pili wa kiwanja, akaniuliza, niaje mwalimu, mtungi vipi. Nikamwambia mtungi uko sawa.

"Wewe hausikii gesi," mama akasema. Hakuwa anauliza.

"Sisikii, mama. Sisikii harufu yoyote tangu ile homa ya mwaka jana."

"Na umesema unasikia."

Nikamweleza habari ya pikipiki. Nilidhani atacheka, hakucheka. Aliuliza tu mke wangu anajua, nikasema hajui, akauliza maziwa ya kila asubuhi huwa ninayasikia namna gani. Hasira zikanipanda, zaidi kwa sababu ya aibu, nikamwambia kwamba yeye naye hakuona moto umezimika.

Watoto wa jirani walikuwa wanacheza na tairi, naye aligeuza uso kufuata sauti yao.

"Sikuona," akasema. "Siuoni hata uso wako."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa wiki kadhaa, na nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuyapokea. Hotuba yote ikapotea. Mama alisema amebaki na mwanga, anajua dirisha liko wapi, anajua mtu akipita mbele yake. Wakikata jicho hilo moja na kazi ikiharibika, hata huo mwanga utaenda. Halafu akasema lililokuwa chini ya hilo. Siku atakayokubali kwamba haoni, sisi watoto tutakutana, tutazungumza kwa upole, tutafunga nyumba yake, tutamleta Nairobi na kumpa chumba cha nyuma na redio. Na ni kweli. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tumeshakutana. Tulikuwa tumezungumza kwa upole sana.

Nilimwambia hakuna atakayefunga nyumba yake. Akaniuliza mimi nani wa kuahidi, mtu ambaye hata kusema pua yake imekufa kumemshinda. Alisema nilimhubiria kuhusu aibu na glasi ya maziwa mabovu mkononi. Sikubisha, kwani kila neno lilikuwa kweli.

"Wewe waambie watu wako," akasema. "Wote, hata wale wa samaki. Ukimaliza, mimi nitaenda kwa huyo daktari."

Wengine wangeona ni jambo jepesi. Mimi nilitafuta njia ya kulipunguza. Nikapendekeza nimwambie mke wangu peke yake, kwa kuwa majirani hawahusiki. Mama akasema basi na yeye ataenda kufunguliwa jicho nusu.

Jioni, mezani, nikamwambia mke wangu. Nilianza mbali, nikapitia homa, nikaeleza kitunguu, sauti ikinitetemeka kidogo mahali nilipotaka itetemeke. Aliendelea kugawa mboga. Alisema anajua tangu siku ya kuku wa sabuni, na kwamba maziwa amekuwa akiyanusa mwenyewe kila asubuhi nikishampa sufuria. Zile mara mbili za mabonge alikuwa na haraka. Nikauliza mbona hakusema. Akasema nilikuwa nafurahia sana.

Majirani nao nikawaambia, mlango kwa mlango, Jumapili baada ya ibada. Wawili walinipa pole. Watatu walikiri kwamba waliacha kuniletea samaki tangu mwaka jana mwishoni, jambo ambalo sikuwa nimeligundua, kwa kuwa nilidhani watu wamepunguza kula samaki. Jirani wa pili alisema siku ile niliposifu upepo wa Dandora, mkewe alitaka niombewe. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, na pia nikiwa mtu wa kawaida kabisa, hali ambayo sikuipenda.

Mama alitimiza ahadi. Tulimpeleka kwenye hospitali ndogo ya macho huko Donholm, wakamfanyia kazi asubuhi moja, wakafunga jicho, wakatuambia turudi kesho yake. Usiku huo mimi sikulala. Niliwaza mwanga wa dirisha aliokuwa nao, na kwamba nimemshawishi auweke rehani kwa maneno yangu.

Kesho yake muuguzi alifungua bandeji taratibu. Mama alipepesa jicho, machozi yakatoka. Akatazama ukuta. Akatazama mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma, kama anayekagua kitu alichoazimwa. Akamtazama muuguzi akamwambia ana meno mazuri. Akatazama dirishani, akasoma herufi kubwa za kibao cha duka ng'ambo ya barabara, moja moja, kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda nikilia bila kujificha, nikingoja zamu yangu.

Jicho likanifikia. Likasimama, halafu likanipita kwenda mlangoni, kana kwamba kuna mtu mwingine anayetazamiwa kuingia, kisha likarudi.

"Sema kitu," akaniambia.

"Mama, ni mimi."

Akanitazama sana. Alitazama kichwa, ambacho mbele hakina nywele na pembeni kina mvi. Alitazama tumbo. Aliniita kwa mkono nikasogea, akanishika shavu, akapitisha kidole kwenye mikunjo iliyo chini ya macho, moja baada ya nyingine.

"Umezeeka, baba," akasema. "Miaka hii yote nimekuwa naongea na kijana."

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilimsaidia kuvaa viatu. Uso huo wa kijana alikuwa anauona kweli, kila nilipofungua mdomo, na sasa mimi ndiye niliyemnyang'anya. Muuguzi alitupa dawa za matone na maelezo. Tukatoka hadi kwenye ngazi za kuteremkia barabarani, nami nikamnyooshea mkono nimshike, kama nilivyofanya tangu mwezi wa kwanza. Aliusukuma kando. Akashuka peke yake, polepole, akikitazama kila kidato kabla ya kukikanyaga, mpaka chini.

Pale chini akageuka, akainua jicho akaniona bado nimesimama juu. Akapanda vidato viwili, akaninyooshea mkono wake.

"Shuka pole pole," akasema. "Hizi ngazi ni kali kwa mtu wa umri wako."

Nikaushika mkono wake, nikashuka.